Maji Maangavu si Lazima Yawe Salama: Zana za Kupima na Kupunguza Uchafuzi wa Maji Mji Mkongwe na Unguja

Utangulizi

Maji ya visima vingi vya Unguja huvutia macho. Yamepita katika mawe ya chokaa, hayana tope, hayana harufu, na mwenye kiu huyanywa bila kusita. Hata hivyo, gilasi ya maji ya namna hiyo inaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo au homa ya ini aina ya A bila kubadilika rangi wala ladha. Mhudumu wa afya anayemtibu mtoto kwa kuharisha, kisha akamrudisha nyumbani kwenye kisima kilekile, hana budi kujiuliza kama tiba yake imekamilika.

Makala haya yanaeleza zana zinazotumika kupima uchafuzi wa maji, jinsi kila moja inavyofanya kazi, mahali inapokosea, na hatua zinazopaswa kufuata baada ya jibu kupatikana. Yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vituo na shehia, pamoja na wagonjwa na familia zao. Hoja yake kuu ni moja: zana nyingi zinazohitajika ni nyepesi na za bei nafuu, lakini kipimo humlinda mtu pale tu panapokuwa na anayejua atafanya nini jibu litakapotoka.

Mji, mwamba na maji

Tatizo hili si geni Zanzibar. Kati ya mwaka 1869 na 1870 mji ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu, ambao haukuwa wa kwanza. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu Zanzibar wakati huo, alifuatilia njia za misafara na za majahazi ambazo ugonjwa ulipitia, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Alifanya kazi hiyo kabla Robert Koch hajautambulisha ulimwengu kwa bakteria wa ugonjwa huo, mwaka 1884. Katika miaka hiyohiyo Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mfereji wa kuleta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu. Kwa kuyatoa maji nje ya mji, wakazi walipata njia ya kuepuka visima vilivyochimbwa katikati ya makazi.

Kipindupindu kilirejea. Mlipuko wa kwanza wa zama hizi uliripotiwa Zanzibar mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi. Mlipuko ulioanza mwaka 2015 na kuendelea hadi 2016 uliwapata zaidi ya watu 4,000 Unguja na Pemba. Baada ya hapo Serikali iliandaa mpango wa kutokomeza kipindupindu Zanzibar ifikapo mwaka 2027. Chanjo ya kunywa iliyotolewa mwaka 2009 kwa baadhi ya jamii za Unguja na Pemba ilionyesha kinga ya takriban asilimia 79 kwa waliopata dozi mbili. Hiyo ni nyongeza kubwa ya ulinzi, lakini kinga ya chanjo hupungua kadiri muda unavyopita, na chanjo hiyo haizuii homa ya matumbo wala homa ya ini. Msingi wa kinga unabaki kuwa maji na usafi.

Mambo matatu huifanya Unguja iwe rahisi kuchafuliwa. La kwanza ni mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe, yenye nyufa, mapango na mifereji ya chini kwa chini. Udongo mzito huyachuja maji polepole, na vimelea vingi hukwama au hufa njiani. Katika mwamba wenye nyufa maji hukimbia, na karo la choo linaweza kufika kisimani kabla vimelea havijafa. Ndiyo sababu kanuni ya kutenganisha choo na kisima kwa mita 30, inayotumika sana mahali pengi, haitoshi kuwa dhamana katika ardhi ya maweni.

La pili ni msongamano. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na hori la bahari, na jina la Darajani latukumbusha daraja lililovuka hapo. Hori lilifukiwa, lakini maji ya mvua hayakusahau njia yake: wakati wa masika maeneo ya chini karibu na hapo hujaa maji, na makaro yaliyojaa huchanganyika na maji yanayotiririka barabarani.

La tatu ni njia ya majitaka. Kwa miongo mingi majitaka ya Mji Mkongwe yamekuwa yakitolewa baharini bila kusafishwa, karibu na fukwe ambako vijana huogelea na wavuvi hutia nanga. Hivyo uchafuzi wa mji una milango miwili, mmoja wa chini kuelekea visimani na mwingine wa pembeni kuelekea baharini.

Tunapima nini hasa?

Wagonjwa wengi hudhani kwamba maabara ikipima maji hutafuta bakteria wa kipindupindu moja kwa moja. Kwa kawaida sivyo. Vimelea vya magonjwa ni vya aina nyingi, huingia majini kwa vipindi, na huwa vichache kiasi cha kuwa vigumu kuvipata. Badala yake hutafutwa kiashiria, yaani kiumbe anayeishi kwa wingi katika utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu ya moto. Kiashiria kinachotumika zaidi katika maji ya kunywa ni bakteria aitwaye Eskerishia koli, kwa kifupi E. koli. Akionekana, tunajua kwamba kinyesi kimefika kwenye maji, na kilichofika kwa njia hiyo kinaweza kufuatwa na chochote kinachotoka tumboni mwa mgonjwa.

Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na E. koli hata mmoja. Kwa vyanzo vidogo vya jamii, matokeo hupangwa kwa ngazi ili kujua pa kuanzia: kuanzia 1 hadi 10 hatari ni ndogo, kuanzia 11 hadi 100 ni ya kati, na zaidi ya 100 ni kubwa na yahitaji hatua ya haraka. Ngazi hizi husaidia kupanga foleni ya kazi. Haziruhusu mtu kunywa maji yenye bakteria 10 akijiona salama.

Zana ya kwanza: jicho lenye orodha

Zana nafuu kuliko zote ni karatasi ya ukaguzi wa usafi wa chanzo cha maji. Mkaguzi husimama kisimani na kujibu maswali ya ndiyo au hapana. Je, kuna choo au karo karibu? Je, liko juu ya mteremko unaoelekea kisimani? Je, sakafu ya zege imepasuka? Je, maji yanayomwagika hutuama pembeni? Je, ndoo na kamba huwekwa chini? Je, kisima kina mfuniko? Je, mifugo hufika hapo? Kila jibu la hatari huhesabiwa alama moja.

Faida ya orodha hii ni kwamba humwonyesha mkaguzi sababu. Maabara hueleza hali ya maji ya siku moja, ilhali ukaguzi hueleza kitakachotokea mvua ikinyesha kesho. Kisima chenye jibu safi la maabara lakini chenye alama nyingi za hatari hakijapona, bali kimebahatika. Kwa sababu hiyo matokeo ya maabara yasomwe pamoja na alama za ukaguzi, kama vile daktari asomavyo jibu la damu pamoja na maelezo ya mgonjwa.

Zana ya pili: kipima klorini

Maji ya bomba na maji yaliyotiwa dawa hupimwa mabaki ya klorini huru, yaani klorini iliyosalia baada ya kupambana na uchafu. Kifaa ni kikasha kidogo cha plastiki chenye rangi za kulinganishia. Maji hutiwa katika kijisehemu chake, kidonge cha DPD hudondoshwa humo, na maji hugeuka ya waridi kadiri klorini ilivyo nyingi. Jibu hupatikana kwa dakika moja hivi.

Klorini ikishakaa na maji kwa dakika 30, mabaki yake yawe angalau miligramu 0.5 kwa lita, na yasishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita mahali mtumiaji anapochotea. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu viwango hupandishwa: 0.5 katika kila sehemu ya mtandao wa mabomba, 1.0 kwenye mifereji ya kuchotea ya jumuiya, na 2.0 katika magari ya maji yanapojazwa.

Wahudumu wakumbuke tahadhari tatu. Kwanza, maji yenye ukungu hula klorini, kwa hiyo yatuamishwe au yachujwe kwa kitambaa safi kabla ya kutiwa dawa. Pili, klorini hudhoofika maji yanapokuwa na pH inayozidi 8, jambo la kuzingatiwa katika ardhi ya chokaa. Tatu, klorini ikizidi sana huifuta rangi ya kipimo, na maji yaliyojaa dawa yakaonekana kama hayana kitu. Mahali dawa imetoka kutiwa kwa wingi, jibu la sifuri lisiaminiwe kabla ya kupima tena maji hayo yakiwa yamezimuliwa.

Zana ya tatu: vipimo vya bakteria

Kituo kisicho na maabara kinaweza kutumia chupa ya kipimo cha haidrojeni salfaidi, kilichobuniwa India na kuelezwa mwaka 1982. Ndani ya chupa huwa na karatasi yenye chakula cha bakteria na madini ya chuma. Chupa hujazwa maji hadi alama, hufungwa na kuachwa katika joto la kawaida la chumba kwa saa 24 hadi 48. Maji yakigeuka meusi, yana bakteria wanaoandamana na kinyesi. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala barafu. Udhaifu wake ni kwamba hakihesabu, na baadhi ya maji ya chini ya ardhi yenye salfaidi ya asili huweza kuigeuza chupa nyeusi bila ya kuwa na kinyesi. Kwa hiyo jibu jeusi lichukuliwe kuwa onyo la kutosha kuanza kutibu maji, kisha lithibitishwe na maabara.

Maabara hutumia njia ya kuchuja. Mililita 100 za maji huvutwa kupitia kichujio chembamba chenye matundu ya mikromita 0.45, ambayo bakteria hawawezi kupenya. Kichujio huwekwa juu ya chakula katika kisahani na kuhifadhiwa katika joto la nyuzi 44. Siku inayofuata kila bakteria aliyenaswa huwa ameota doa linaloonekana kwa macho, na madoa huhesabiwa. Vipo vikasha vya kubebeka vinavyoendeshwa kwa betri vinavyofanya kazi hiyo kijijini.

Jibu la maabara haliwezi kuwa bora kuliko sampuli. Chupa iwe imetakaswa, na iwe na sodiamu thiosalfeti ikiwa maji yana klorini, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na kuleta jibu la uongo. Mdomo wa mfereji usafishwe kwa spiriti, maji yaachwe yatiririke kidogo, na kifuniko kisiwekwe chini. Sampuli isafirishwe katika kasha lenye barafu, ikae mbali na jua, na ifike maabara ndani ya saa 6 inapowezekana, bila kuzidi saa 24. Chupa iandikwe mahali, tarehe, saa, na kama mvua imenyesha siku mbili zilizotangulia.

Chumvi na nitrati: uchafuzi usiouliwa na moto

Kuchemsha maji huua vimelea, lakini hakuondoi kila uchafu. Uchafuzi wa aina mbili unahitaji uangalizi maalumu Unguja.

Wa kwanza ni chumvi. Maji baridi ya kisiwa hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani kwa chini. Maji yakivutwa kupita kiasi, bahari hupanda. Kifaa cha mkononi kinachopima uwezo wa maji kupitisha umeme huonyesha badiliko hilo ndani ya sekunde chache. Namba moja haielezi mengi. Kinachoeleza ni daftari la kisima kimoja kwa miaka kadhaa. Namba ikipanda kila mwaka, kisima kinaelekea baharini. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, moyo au figo aliyeambiwa apunguze chumvi, swali la ladha ya maji ya nyumbani ni sehemu ya maelezo yake ya ugonjwa.

Uchafuzi wa pili ni nitrati, ambayo hutokana na makaro na mbolea. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Nitrati nyingi humdhuru zaidi mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya chupa, kwa kuwa hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni, na ngozi yake huweza kuwa ya kibuluu. Kuchemsha maji hayo huongeza mkusanyiko wa nitrati kwa sababu maji hupungua kwa mvuke. Kipimo ni kijiti cha karatasi kinachobadili rangi. Kinga bora kwa mtoto huyo ni maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo.

Bahari na mifereji ya majitaka

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, imekuwa nguzo ya uchunguzi wa maji ya pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ambao mtafiti wa taasisi hiyo alishiriki, ulitumia bakteria viashiria pamoja na isotopu za nitrojeni kufuatilia majitaka ya Mji Mkongwe baharini. Nitrojeni itokayo kwenye majitaka huwa na uwiano wa isotopu unaoweza kutofautishwa na ule wa nitrojeni ya kawaida ya bahari, na viumbe wa baharini huuhifadhi miilini mwao. Kwa njia hii mwani au tumbawe huwa daftari la uchafu uliopita, hata kama siku ya kupima bahari inaonekana safi. Dalili za majitaka zilikuwa wazi zaidi karibu na mji.

Kwa waogeleaji kipimo kinachofaa zaidi ni bakteria waitwao enterokoki, kwa kuwa hustahimili chumvi ya bahari kuliko E. koli. Vijana wanaopiga mbizi Forodhani wana ushauri mmoja rahisi usiohitaji maabara: wasiogelee karibu na midomo ya mabomba, na wakae nje ya maji kwa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Mzazi anayemleta mtoto mwenye maumivu ya sikio, kuharisha au vipele aulizwe kama mtoto huyo aliogelea.

Ipo pia njia ya kuuliza mji mzima kwa kutumia mfereji wake wa majitaka. Mwaka 1948 Brendan Moore alieleza jinsi alivyowatafuta Uingereza wabebaji wa homa ya paratifoidi kwa kutundika pedi za shashi ndani ya mifereji. Shashi huachwa humo kwa siku moja au zaidi, hunasa vimelea vinavyopita, kisha hupelekwa maabara. Njia hiyohiyo hutumika leo kutafuta vimelea vya kipindupindu katika mazingira, na inaweza kutoa onyo kabla wagonjwa hawajajaa wodini.

Kutoka kipimo hadi hatua

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi wa kituo anaona katika daftari lake kwamba watoto wanne wa mtaa mmoja wameharisha ndani ya wiki moja. Anamwarifu afisa afya wa wilaya, na pamoja na sheha wanakwenda kwenye kisima kinachotumiwa na mtaa huo. Ukaguzi unaonyesha sakafu iliyopasuka, kamba inayoburutwa chini, na karo upande wa juu wa mteremko. Chupa ya kipimo inajazwa jioni, na kesho yake jioni ni nyeusi. Majumbani, mabaki ya klorini ni sifuri.

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu. Kukifunga kisima huonekana kuwa hatua ya ujasiri, lakini kama hakuna maji mengine ya karibu, watu watanunua maji wasiyojua yalikotoka, au watapunguza kunawa mikono, na ugonjwa utaongezeka. Kuliacha jibu ndani ya daftari nako ni kuwaacha watoto wengine wanne. Njia ya kati ni kutibu maji palepale yanapochotwa huku chanzo kikirekebishwa.

Utaratibu wake ni huu. Hutayarishwa myeyusho wa klorini wa asilimia 1, kwa kuyeyusha gramu 15 za kalsiamu haipokloraiti yenye nguvu ya asilimia 70 katika lita moja ya maji. Mililita moja ya myeyusho huo katika ndoo ya lita 20 huongeza miligramu 0.5 za klorini kwa kila lita. Ndoo nne za maji ya kisima hutiwa mililita 2, 3, 4 na 5, hukorogwa na kuachwa kwa dakika 30, kisha hupimwa. Kipimo cha dawa kinachochaguliwa ni kile kilichoacha mabaki ya takriban 0.5. Mtu aliyefundishwa hukaa kisimani na kutia kiasi hicho kwa bomba la sindano katika kila ndoo, naye huvaa glovu na kuutunza myeyusho mbali na jua na watoto. Siku inayofuata mabaki hupimwa majumbani. Wakati huohuo sampuli hupelekwa maabara, sakafu huzibwa, kamba huwekewa roda, na karo hukaguliwa.

Ikiwa kuna shaka kama karo hilo ndilo linalovuja, chumvi ya kawaida iliyoyeyushwa inaweza kumiminwa ndani yake na kifaa cha kupima upitishaji wa umeme kikatumika kisimani kwa saa na siku zinazofuata. Namba ikipanda, njia imejulikana, na mjadala baina ya majirani hupata ushahidi badala ya lawama.

Katika mfano huu, gharama ya vifaa ni ndogo. Kilichobeba kazi ni mnyororo wa watu: muuguzi aliyesoma daftari lake, afisa afya aliyefika, sheha aliyewakusanya wakazi, na fundi aliyeziba ufa. Mnyororo ukikatika popote, chupa nyeusi hubaki kuwa chupa nyeusi.

Nani anahusika?

Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) husimamia huduma ya maji, na ndiyo ya kuarifiwa bomba linapopasuka au mfereji unapotoa maji yenye harufu. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), iliyotokana na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2015, inahusika na uchafuzi wa mazingira kwa jumla. Mamlaka za mji na wilaya hushughulikia taka na mitaro, na dampo la Kibele ndilo linalopokea taka za mjini. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2019. Hatua hiyo ina maana ya kitabibu: mtaro ulioziba kwa plastiki huyarudisha majitaka mitaani.

Rasilimali nyingine ni ramani. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na washirika wake, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), walipiga picha za visiwa kwa ndege zisizo na rubani. Picha za namna hiyo, zikiwekewa alama za visima, makaro, mitaro na nyumba za wagonjwa, huonyesha mara moja jambo ambalo orodha ya majina haiwezi kulionyesha.

Ushauri kwa wagonjwa na familia

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, kisha yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa katika chombo kilekile. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na asubiri dakika 30. Kuni au gesi ikikosekana, chupa safi ya plastiki angavu iliyojaa maji yasiyo na ukungu ilazwe juani kwa saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Njia hizi haziondoi chumvi wala nitrati.

Maji yaliyotibiwa huchafuliwa tena kwa urahisi na kata au mkono. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki. Kumbuka pia kwamba barafu haiui vimelea: juisi ya miwa iliyopozwa kwa barafu ya maji yasiyotibiwa ni sawa na maji hayo yenyewe.

Mtu akianza kuharisha choo chepesi kama maji ya mchele, akawa na kiu kali, macho yakazama, akalegea au akakosa mkojo, apelekwe kituoni bila kuchelewa, huku akinyweshwa maji ya chumvichumvi njiani. Pakiti ikikosekana, changanya lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto aendelee kunyonya, na kituoni apewe zinki.

Ukiwa kituoni, mweleze mhudumu unachota maji wapi na kama jirani naye ameugua. Una haki pia ya kuuliza: kisima chetu kilipimwa lini, na jibu lilikuwa nini?

Hitimisho

Uchafuzi wa maji Unguja unapimika. Karatasi ya maswali, kidonge cha DPD, chupa inayogeuka nyeusi na kifaa cha kupima chumvi vinaweza kuingia katika mkoba mmoja wa afisa afya. Vinavyohitajika zaidi ni ratiba ya kupima kabla na baada ya masika na vuli, daftari moja kwa kila kisima, na makubaliano yaliyoandikwa mapema kuhusu nani ataarifiwa na nani atafanya nini. Kituo cha afya ambacho hakijawahi kupima maji ya eneo lake kinaweza kuanza na kisima kimoja, kile ambacho wagonjwa wake wengi wa kuharisha hukitaja.